Muulize Mwalimu wa Kiingereza: "Supervisory" maana yake nini hasa, na inakaa wapi kwenye sentensi?

Wapendwa wasomaji habari zenu. Safu hii kawaida inachukua maswali ya kila aina ila safari hii barua nyingi zilikua zinauliza kitu kimoja, "supervisory", manake tangazo la ajira siku hizi halipiti bila hilo neno, mara "supervisory experience", mara "supervisory skills", mara "in a supervisory capacity", na watu wazima wenye kazi zao nzuri wanaacha kutuma maombi kwa sababu tu hawana uhakika kama wanaoitwa ni wao. Hilo linaniuma sana. Kwahiyo nimeitoa safu nzima kwa hilo neno na ndugu zake, mwenye swali lingine anivumilie.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko Dodoma, nafanya supamaketi upande wa kaunta. Nimeona tangazo wanataka mtu mwenye "supervisory experience" ya miaka miwili. Mi sijawahi kuitwa supavaiza hata siku moja, ila shifti ya jioni mi ndo nawapanga wenzangu nani akae kaunta gani na nani aende mapumziko saa ngapi, nakagua droo za hela tukifunga, mteja akilalamika mi ndo naitwa. Je hiyo inahesabika? Naogopa kuandika uongo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Inahesabika, andika bila woga. "Supervisory" ni neno la sifa, kwa Kiswahili ndo ile "-a usimamizi", na linaisifia kazi, halisifii cheo. "Supervisory experience" ni uzoefu wa kusimamia kazi ya watu wengine, basi. Hawajauliza mkataba wako umeandikwaje, wameuliza ulishawahi kubeba kazi ya mwenzio mabegani ukaijibu wewe.

Tena sio wewe peke yako unaejiuliza hapo mpaka unaishia wapi, hata mahakama na mabodi yamehangaika nalo. Marekani kuna sheria ya 1947, wanaiita Taft-Hartley, iliwatoa masupavaiza kwenye ulinzi wa sheria ya vyama vya wafanyakazi, sasa ikabidi ieleze supavaiza ni nani, ikataja mamlaka ya kuajiri, kuhamisha, kusimamisha, kupandisha, kufukuza, kupanga kazi, kutoa adhabu, au kuwaongoza wengine kwa kuwajibika, alafu ikaongeza sharti ambalo mi naliona ndo kiini: lazima utumie uamuzi wako mwenyewe, sio kufuata karatasi tu. Mwaka 2006 kukaja kesi ya hospitali ya Oakwood kuhusu manesi wanaoongoza zamu, bodi yao ya mahusiano ya kazi ikaamua kwamba wengi wa wale waliokua wanaongoza zamu kwa kudumu ni masupavaiza, ila wale wa kupokezana leo huyu kesho yule hawakuhesabiwa, kwa sababu haikuonekana kwamba wanaifanya hiyo kazi kwa utaratibu na kwa sehemu kubwa ya muda wao. Sheria yao haikuhusu wewe wa Dodoma, lakini maswali yake mawili yanakufaa: unaamua mwenyewe? na unafanya mara kwa mara au ulishikishwa siku moja bosi alipokwenda msibani? Kwa ulivonieleza, unaamua na unafanya kila jioni.

Sasa kwenye sivii usibadilishe cheo, cheo chako ni Cashier kibaki Cashier, manake watapiga simu kuulizia na ukweli utajulikana kwa dakika moja. Andika hivi: "Cashier with supervisory duties (evening shift)". Chini yake weka vitendo: "Assigned tills and breaks, checked cash drawers at closing, handled customer complaints." Na idadi ya watu uliokua unawapanga iandike ya kweli, hata kama ni watatu. Anaesoma sivii mia kwa siku anatafuta hizo vitendo, neno lenyewe kila mtu analo.

SWALI: Mwalimu mambo vipi, mi kijana wako wa Mwanza. Kwenye intavyuu nilisema "I was a supervisory for two years" nikaona mmoja wao anamwangalia mwenzie. Nimekosea wapi, na linatamkwaje?

JIBU: Salama kijana wangu. Umekosea kidogo tu na wengi mnakosea hapohapo, sio kitu cha kukunyima usingizi.

Mtu ni "supervisor". Ile yenye y mwisho sio mtu, ni sifa, na sifa inatafuta nomino ya kuisimamia mbele yake: "a supervisory role", "supervisory duties", "a supervisory position". Kwahiyo ama "I was a supervisor for two years" ama "I held a supervisory position for two years". Zote mbili sawa.

Alafu kuna swali ambalo hukuuliza ila lazima litakuja, je naweza kuliweka mwisho wa sentensi? Unaweza, kwa sharti kwamba inayozungumziwa ni kazi na sio mtu. "My role was mainly supervisory" ni Kiingereza kizuri kabisa, yani kazi yangu zaidi ilikua kusimamia, mikono yangu sio iliyokua inafunga mabomba. Utasikia pia "purely supervisory". Ila "I am very supervisory" hapana, hakuna mtu anaesema hivo, ukitaka kujisifu kwamba unajua kuongoza watu sema "I have strong supervisory skills". (Na anaependa kuamrisha watu hata pasipohusika huyo anaitwa "bossy", na hiyo ni lawama, usije ukajiandikia.)

Kwanini tunateleza hapo? Kwa sababu Kiswahili chetu hakina haja ya neno lingine, tunachukua usimamizi tunaunga na -a mambo yanaisha, uzoefu wa usimamizi, kazi ya usimamizi, ngazi ya usimamizi, neno ni lilelile. Kwahiyo tukienda kwenye Kiingereza tunabeba nomino tuliyoijua kwanza tunaandika "supervisor experience". Ataelewa, sio kwamba hataelewa, lakini kwenye barua rasmi inaonekana haijapigwa pasi. "Experience in supervision" hiyo ni sahihi ukiipenda.

Matamshi: su-pa-VAI-za-ri, nguvu weka kwenye VAI. Wengi tunasoma kama lilivoandikwa, supavisori, na mtu anashindwa kulikamata. Na tahajia ni s, sio z, hata Wamarekani ambao "organise" wanaiandika kwa z, hili wanaliacha na s, kwa sababu limetoka kwenye Kilatini cha kuona, kuangalia kutoka juu, ni ukoo mmoja na "vision" na "visible". Ukishajua kwamba ndani yake kuna kuona huwezi tena kukosea herufi.

SWALI: Niaje mwalimu, mimi niko Nakuru, nimeandikwa na kaunti kama klaki. Nataka kupanda job group (daraja la kazi) na advert inasema lazima niwe na "Supervisory Skills Course lasting not less than two weeks". Sasa kuna kolegi ana "Senior Management Course" na anasema hiyo yangu ni ya watoto. Si supervisory na managerial ni kitu moja tu? Naona watu wakitumia yoyote.

JIBU: Poa sana ndugu yangu, na karibu. Sio kitu kimoja, na bahati nzuri nyinyi Kenya serikali yenu imewapangia hizo ngazi wazi kabisa kuliko kamusi yoyote. Angalia matangazo ya utumishi wa umma: wa kati wanaombwa Supervisory Skills Course ya wiki mbili, wakipanda wanaombwa Senior Management Course ya wiki nne, na wakifika juu kabisa wanaombwa Strategic Leadership Development Programme ya wiki sita. Kenya School of Government wanazifundisha zote tatu. Wiki mbili, nne, sita. Hapo umeshaona neno lipi linakaa wapi.

"Supervisory" ni yule aliye karibu na kazi yenyewe, anawajua watu kwa majina, anajua nani hajafika leo, anaona faili limekaa mezani wiki nzima halijaguswa. "Managerial" ni yule anaeamua bajeti, anaeamua idara iwe na watu wangapi, anaeweka malengo, na mara nyingi anapata habari za kazini kupitia hao masupavaiza. Ndo maana mtu anaweza kuwa na majukumu ya "supervisory" bila kuwa meneja, na meneja mzuri anaweza kukaa mwezi mzima hajasimama pembeni ya mtu anaechapa. Kuna maneno mengine yanachanganywa humo humo, "administrative" ni kazi za ofisi, mafaili, barua, vikao, haina lazima uwe na mtu chini yako. Na "advisory" angalia sana, inafanana kwa mwisho wake ila mtu mwenye "advisory role" anashauri tu, ushauri wake ukikataliwa anarudi kukaa, wakati mwenye "supervisory role" akisema rudia hii kazi, inarudiwa.

Na hiyo kozi sio ya watoto, mwambie kolegi wako. Ofisi nyingi ninazozijua zinaharibika pale pale katikati, mtu alikua klaki hodari akapandishwa kusimamia maklaki wenzake na hakuna aliemfundisha hata namna ya kumwambia mwenzie umechelewa bila kuvunja urafiki. Nenda ukaisome kwa moyo wote.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mi mama wa Mbeya. Kwenye SACCOS yetu mkutano mkuu wamenichagua kamati ya usimamizi, barua ya Kiingereza imekuja imeandikwa "Supervisory Committee". Mwenzangu kwenye kamati anasema maana yake sisi ndo mabosi wa meneja, tayari ameanza kumwambia karani ampe mkopo fulani haraka. Mi roho inakataa. Hilo neno linatupa madaraka hayo kweli?

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa kuaminiwa na wenzio. Roho yako inakuambia sahihi na nataka nilijibu hili kwa urefu, manake hapa neno moja likieleweka vibaya hela za watu zinapotea.

"Supervisory" ina sura mbili. Sura ya kwanza ndo hii tuliyoizungumza huko juu, kuongoza kazi ya walio chini yako kila siku, yule dada wa Dodoma na kaunta zake. Sura ya pili ni kuangalia kwa niaba ya wengine kwamba wanaoendesha wanaendesha inavotakiwa, bila wewe mwenyewe kushika usukani. Kamati yenu ni ya sura ya pili. SACCOS ina bodi inayoongoza, ina kamati ya mikopo, ina meneja na watendaji, alafu ndo iko kamati ya usimamizi ambayo imechaguliwa na mkutano mkuu na inarudi kutoa ripoti kwa mkutano mkuu. Kazi yenu ni kufungua vitabu, kuhesabu hela iliyopo mkononi kama inalingana na iliyoandikwa, kuangalia mikopo ilitolewa kwa kufuata masharti au kwa kujuana, kuulizia kwanini maazimio ya mwaka jana hayajatekelezwa. Sasa mwenzio akishaanza kuagiza mkopo utoke, kesho huo mkopo ataukagua nani? Atajikagua mwenyewe? Ndo hapo kamati inakufa ingawa majina bado yapo ukutani.

Hii sura ya pili utaikuta kwenye mambo makubwa kabisa. Ujerumani makampuni makubwa yana bodi mbili, moja ya kuendesha na nyingine inaitwa kwa Kiingereza "supervisory board", wao wenyewe wanaiita Aufsichtsrat. Ile ya pili inawateua na inaweza kuwaondoa wale wa bodi ya kwanza, lakini haiendeshi kampuni, na sheria haimruhusu mtu mmoja kukaa bodi zote mbili kwa wakati mmoja. Tena kuna sheria ya 1976 inayosema kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 nusu ya viti vya hiyo supervisory board viwe vya upande wa wafanyakazi, nadhani hilo lingewafurahisha wanaushirika wengi huku kwetu. Na mabenki ya Ulaya, tangu Novemba 2014 kuna "Single Supervisory Mechanism" chini ya Benki Kuu ya Ulaya, hapo pia hakuna maana ya kuendesha mabenki, ni kuyaangalia yasianguke na hela za watu. Hata Benki Kuu yetu ya Tanzania inasimamia mabenki kwa maana hiyohiyo, gavana haji kukaa kaunta.

Kwahiyo mama, mwenzio mwambie kwa upole, tena mkiwa wawili kwanza, asije akaona umemuaibisha. Akiendelea peleka kwenye kikao cha kamati na kiandikwe kwenye muhtasari. Na masharti ya SACCOS yenu yasome ukurasa kwa ukurasa, sehemu ya kamati yenu, hayo ndo yanakupa nguvu kuliko neno lolote la Kiingereza.

SWALI: Mwalimu salama? Niko Doha, mlinzi. Bosi amesema nafasi ya supavaiza itatangazwa na wataangalia waliofanya kazi "in a supervisory capacity". Hiyo capacity inanichanganya, nilidhani ni ujazo, kama wa tangi. Nisaidie na namna ya kujibu wakiniuliza.

JIBU: Salama mwanangu, Mungu akulinde huko ugenini. Capacity ya tangi ni ujazo kweli, ila hapa ni nafasi uliyokua umeisimamia, kwa nafasi gani ulifanya hilo jambo. "He worked in a supervisory capacity" ni alifanya kazi kwa nafasi ya msimamizi, hata kama cheo kilikua kingine. Umeona tunarudi palepale, hawakufungi kwenye cheo.

Kwahiyo kabla ya intavyuu kaa chini ukumbuke: nani alikua anawagawia wenzio mageti? Nani alimfundisha mlinzi mpya namna ya kujaza kitabu cha matukio? Supavaiza alipokua likizo nani alikua anapokea taarifa za zamu? Kama ni wewe sema hivi, taratibu, usikimbilie: "When our supervisor was on leave, I worked in a supervisory capacity. I assigned posts, trained new guards and wrote the shift report." Watakuuliza tu kilitokea nini siku mambo yalipoharibika, hilo wanapenda sana kuuliza, andaa tukio moja la kweli, nani alikosea (usimtaje jina), wewe ulifanya nini, likaishaje. Usiseme "I commanded them". Sema "I supervised them" au "I was responsible for them", hiyo ya pili kwangu mi nzuri zaidi.

SWALI: Mwalimu, babu yangu alikua mnyapara kwenye mkonge huku Tanga. Naweza kutafsiri "supervisory role" kuwa kazi ya unyapara?

JIBU: Usitafsiri hivo. Kazi kweli ilikua ya kusimamia, lakini mnyapara limebaki na ladha ya mkonge wa mkoloni, ya kusimamiwa huku unasukumwa, na leo kwenye magereza bado linatumika kwa mfungwa anaewaongoza wenzake. Ukilitumia ofisini utamuumiza mtu. Pwani na Unguja zamani za mashamba ya watumwa kulikua na ngazi tatu, msimamizi, chini yake nokoa, chini yake kadamu, na ajabu ni kwamba msimamizi peke yake ndo limesafika likatoka na heshima zake mpaka leo, nokoa na kadamu wamebaki kwenye vitabu. Ya babu yako kwenye historia ya familia iandike vilevile mnyapara, ndo jina alilokua nalo, ila kwenye sivii yako tumia usimamizi.

Ila na msimamizi nalo lina mitego ukienda upande wa pili, kwa sababu sisi tunalitumia kila mahali na Waingereza wana neno tofauti kwa kila mmoja. Msimamizi wa mirathi ni "administrator", sio supervisor. Msimamizi wa uchaguzi ni "returning officer". Anaezunguka darasani wakati wa mtihani ni "invigilator", japo mkuu wao pale kituoni anaitwa supervisor. Wa harusi ni "best man" au "matron of honour". Anaekuongoza kuandika tasnifu chuoni, huyo sasa ndo "supervisor" kweli, na mikutano yenu ni "supervision meetings", hapo wengi hawasemi supervisory.

SWALI: Mwalimu kifupi tu, ripoti ya mkaguzi imeandika "due to an oversight". Meneja anasema tumesifiwa kwa usimamizi. Ni kweli?

JIBU: Hapana ndugu yangu, mwambieni leo kabla hajaisoma mbele ya bodi. "Oversight" ina maana mbili zinazopingana, bila "an" mara nyingi ni uangalizi, usimamizi wa juu, kama "the board has oversight of the accounts". Ikija na "an" kama hiyo yenu ni kupitiwa, jambo lilisahaulika, halikuonwa. Na ndugu yake "overlook" ndo kupitiwa au kufumbia macho, wakati "oversee" ndo kusimamia. Fungueni ukurasa huo muone mkaguzi anasema kipi kilipitiwa, alafu mkirekebishe.